Anayeumia baada ya chanjo naye asikilizwe



Tuitafakari Dominika ya Tano ya Mwaka B. Injili, kutoka sura ya kwanza ya Marko, inatuingiza ndani ya nyumba ya Simoni na Andrea kule Kapernaumu. Mama mkwe wa Simoni amelala kitandani, ana homa. Marko ni mtu wa maneno machache, lakini hapa ametuwekea jambo dogo ambalo kwa miaka mingi nimelisoma altareni bila kulitazama. Kabla Yesu hajamshika mkono yule mama na kumwinua, watu wa nyumba ile walimweleza kwamba ndani kuna mgonjwa. Hawakumfungia chumbani ili mgeni asisumbuke. Hawakusema, "Mama amejipumzisha tu." Walisema ukweli.

Na Yesu naye hakuuliza homa ile imetoka wapi. Hakuuliza kama mama alinyeshewa, alikula nini, au kama alionywa akakataa kusikia. Alimkaribia, akamshika mkono.

Naomba leo nisimulie jinsi mimi, padre wenu, nilivyofanya kinyume cha watu wa nyumba ile. Nilimficha mgonjwa. Na mgonjwa huyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Nina maumivu ya mgongo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano sasa. Yalianza nikiwa paroko msaidizi katika parokia yenye vigango vingi na barabara chache, na usafiri wangu ulikuwa pikipiki. Mashimo ya kiangazi na matope ya masika vilifanya kazi yao polepole. Picha za hospitali zilionyesha kwamba diski moja ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo imetoka mahali pake na inabana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Madaktari huyaita maumivu sugu yale yanayodumu zaidi ya miezi mitatu. Wenye hali hii mnajua jinsi yanavyokuwa. Kuna miezi yanalala, nawe unaanza kujidanganya kwamba yamekwisha. Halafu siku moja yanaamka, kwa sababu umebeba ndoo vibaya, umesafiri mbali, umepata homa, au kwa sababu usiyoijua kabisa.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini, akachanjwa yeye mwenyewe hadharani jijini Dar es Salaam. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mapema mwaka ule tulikuwa tumezika mapadre, watawa na waamini waliokufa wakihangaika kupumua. Wakati huo huo uvumi ulizagaa kila kijiwe: kwamba chanjo ni chapa ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo, kwamba inafunga uzazi, kwamba waliochanjwa hawatamaliza miaka miwili. Kanisa lilikuwa limekwisha kusema neno lake. Desemba 2020 Vatikano, kupitia idara yake ya mafundisho ya imani, ilieleza kwamba kuchanjwa kunakubalika kimaadili, na kwamba kwa kawaida chanjo iwe jambo la hiari. Agosti 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alisema wazi kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo.

Nami nikahubiri hivyo. Sijuti. Lakini katika mahubiri yale niliongeza chumvi yangu. Nilisema, watu wakacheka, kwamba sindano yenyewe inauma kama kuumwa na siafu, na baada ya siku mbili umesahau. Jumatatu nikaenda kituo cha afya, nikakunja shati, nikachanjwa mbele ya watu.

Siku ya kwanza mkono uliuma. Usiku nikapata homa kidogo na baridi. Siku ya pili homa ikashuka, nikajisifu moyoni: si nilisema? Siku ya tatu, alfajiri, nilipotaka kuteremka kitandani, mgongo ulikataa. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita nyuma ya paja, yakashuka hadi kwenye wayo kama waya wenye umeme. Nilikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu nikipambana na soksi moja. Misa niliiadhimisha nikiwa nimeegemea altare, na wakati wa kupiga goti niliinamisha kichwa tu. Katekista aliponiuliza kulikoni, nilimjibu, "Malaria, Katekista. Itapita."

Yalidumu siku kumi na moja. Na siku zote kumi na moja niliendelea na malaria yangu.

Kwa nini nilidanganya? Nilijiambia kwamba nawalinda waamini. Wakisikia padre ameugua baada ya kuchanjwa, nani atakwenda tena? Sababu hiyo ilionekana nzuri. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine isiyo nzuri: nilikuwa nimesema siku mbili, na sikutaka mwili wangu unisute mbele ya watu.

Wiki nyingi zilipita. Siku moja mwenyekiti wa jumuiya moja akaniambia kwamba bibi fulani, mwana WAWATA wa siku nyingi, haonekani kwenye sala za jumuiya wala kanisani. Wengine walidhani amehamia kwa walokole. Wengine walisema amekuwa mvivu wa uzee. Nikaenda kumtembelea. Yanayofuata hakuniambia katika kitubio, na nimemwomba ruhusa ya kuyasimulia bila kumtaja jina. Amenipa ruhusa, akaniagiza nisipunguze kitu.

"Shikamoo, Bibi," nilimsalimu.

"Marahaba, Padre. Karibu ukae, ila sitaweza kukupa mkono."

Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupinda kama tangawizi. Bibi huyu ana baridi yabisi tangu wajukuu wake wakiwa wadogo. Alikuwa amekwisha kuizoea: anajua siku za baridi zitamsumbua, anajua kazi za kuacha na kazi za kufanya. Baada ya mahubiri yangu alikwenda kuchanjwa wiki ile ile. Homa ilipita, lakini viungo vyake viliwaka upya: vidole, viwiko, magoti. Kwa wiki kadhaa hakuweza kusonga ugali wala kufunga kanga yake mwenyewe.

"Padre, ulisema siku mbili," aliniambia bila hasira. "Yangu yalipofika siku ya tano nikaona mimi ndiye mwenye kasoro. Nikasema, labda sikuchanjwa kwa imani."

Jirani yake alipomwona alisema, "Si tulikuambia?" Mjukuu wake, kijana msomi na mwenye nia njema, alimwambia, "Bibi, usiyaseme hayo mbele ya watu, utawatisha wasichanje." Basi akanyamaza. Kwa jirani alikuwa ushahidi, kwa mjukuu alikuwa hatari. Hakuna aliyemwona kuwa mgonjwa. Hata rozari hakuweza kuishika. Alisali kwa kuhesabu miti ya paa, mti mmoja Salamu Maria moja, akifika mwisho anaanza tena.

Hapo ndipo nilipomwambia. "Bibi, ile malaria yangu ya Agosti haikuwa malaria."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku zile tulikuwa wawili, na kila mmoja peke yake?"

Nimehubiri kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijawahi kusikia mahubiri mafupi na mazito kama hayo.

Mpendwa msomaji, kila tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani; mwaka 2024 iliadhimishwa kwa mara ya 32. Siku hii iliwekwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993, katika kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi. Kwa mwaka 2024 Papa Fransisko alichukua kauli mbiu kutoka kitabu cha Mwanzo, pale Mungu anapoona kwamba si vizuri mtu awe peke yake. Alitufundisha kwamba kumponya mgonjwa kunaanza kwa kuponya mahusiano. Nilipousoma ujumbe huo nilimwona bibi yule akihesabu miti ya paa.

Hoja yangu leo ni hii moja. Tumegeuza maumivu ya baada ya chanjo kuwa suala la kambi mbili. Wapinga chanjo wanamtaka mgonjwa awe silaha yao. Watetezi wa chanjo, nami nikiwemo, tunamtaka anyamaze ili asiharibu kampeni. Katikati yupo mtu ambaye usiku halali. Mkristo hapaswi kuwa katika kambi yoyote inayomtaka mgonjwa kwa matumizi yake. Mkristo anatakiwa kuwa pembeni ya kitanda.

Wapo watakaouliza: Padre, je, ni kweli chanjo inaweza kuamsha maumivu ya zamani? Swali hili nilimuuliza daktari wangu, na alinieleza kwa lugha rahisi. Chanjo inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Wakati wa mafunzo hayo, kinga ya mwili inapiga kengele: inamwaga kemikali zinazobeba ujumbe, na kemikali hizo ndizo zinazoleta homa, uchovu, maumivu ya kichwa na ya misuli. Ni zile zile zinazokufanya uumwe mwili mzima ukiwa na mafua makali. Kwa watu wengi kengele hiyo inazimika ndani ya siku chache. Lakini mtu mwenye maumivu sugu tayari ana mishipa ya fahamu iliyo macho, na viungo vilivyo tayari kuwaka. Kengele ndogo inaweza kumwamsha aliyelala usingizi mwepesi. Ongeza usiku wa kukosa usingizi, kulala kitandani mchana kutwa, na hofu. Maumivu yanapata kuni za kutosha.

Daktari aliongeza neno la haki. Si kila kinachokuja baada ya sindano kimeletwa na sindano. Maumivu sugu huamka yenyewe pia, na ugonjwa mwingine unaweza kujificha nyuma ya chanjo na kukosa tiba. Ndiyo maana anayeumia apimwe, asibaki nyumbani akibahatisha. Lakini angalieni: hata pale chanzo kisipojulikana, maumivu ni ya kweli. Bibi hakuhitaji kwanza kushinda kesi ndipo apewe kiti kanisani.

Somo la kwanza la Dominika hiyo linatusaidia hapa. Ayubu, katika sura ya saba, analalamika. Anayafananisha maisha na kazi ngumu ya kibarua. Anaeleza usiku usiokwisha, akigeuka huku na huku mpaka kunapambazuka. Hakuna mwisho mwema katika somo hili, wala fundisho la kutuliza. Na msomaji akimaliza, sisi sote tunajibu kwa kumshukuru Mungu. Mmewahi kulitafakari hilo? Kanisa linasikiliza malalamiko ya mgonjwa hadi mwisho, halimkatizi, halimsahihishi, kisha linamshukuru Mungu kwa maneno yake. Kama Liturujia inaweza kumvumilia Ayubu, jumuiya zetu zinashindwaje kumvumilia bibi mwenye baridi yabisi?

Marafiki wa Ayubu nao wanatufundisha. Mwanzoni walifanya vema: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walikosea walipofungua vinywa kueleza chanzo. Kila mmoja alikuwa na nadharia yake. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea kwa maneno mazuri, na kumkubali Ayubu aliyelia. Wenye nadharia za chanjo, wa pande zote mbili, tujitazame katika kioo hicho.

Lakini kuna kosa jingine, na hili ni la sisi watu wa kanisa hasa. Tunapenda kumwambia mgonjwa, "Tolea mateso yako pamoja na Kristo." Neno hilo ni la kweli, na mimi mwenyewe limenibeba usiku mwingi. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika Waraka wa Kitume *Salvifici Doloris* tarehe 11 Februari 1984, juu ya maana ya mateso ya mwanadamu, na yeye mwenyewe baadaye aliishi na kutetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson machoni pa dunia nzima. Lakini waraka ule haumwachi mgonjwa peke yake na msalaba wake. Unamalizikia kwa Msamaria Mwema, yule aliyesimama njiani, akafunga majeraha, akalipia gharama za nyumba ya wageni. Kutolea mateso si badala ya dawa. Na hatuna ruhusa ya kumwambia mwingine atolee mateso ambayo sisi tungeweza kuyapunguza.

Mtazameni Bwana mwenyewe. Kule Getsemane hakujifanya shujaa. Aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye, akawaambia wazi kwamba moyo wake umejaa huzuni. Njiani kwenda Kalvari alibebewa msalaba na Simoni Mkirene. Kama Mwana wa Mungu alikubali kusaidiwa kubeba, mimi ni nani hata nimdanganye katekista wangu?

Mtume Paulo naye, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 12, anawaandikia watu wa parokia yake, tuseme hivyo, kwamba ana mwiba katika mwili, na kwamba alimsihi Bwana mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Angeweza kuficha. Alikuwa na wapinzani waliosema kwamba ana mwili dhaifu. Hata hivyo aliandika, na barua ikasomwa mbele ya watu wote. Na Papa Fransisko, ambaye mwisho wa mwaka 2020 alishindwa kuongoza ibada za kufunga na kufungua mwaka kwa sababu ya maumivu ya mshipa wa nyonga, tangu Mei 2022 tulimwona kwenye kiti cha magurudumu kwa ajili ya goti. Hakuona haya. Nimejifunza kwake kuliko nilivyojifunza kwenye vitabu vingi vya seminari.

Baada ya kutoka kwa bibi, Dominika iliyofuata nilisimama mbele ya waamini nikawaambia ukweli: nilichanjwa, nikaumwa siku kumi na moja, nikadanganya kwamba ni malaria, na kwamba niliposema siku mbili nilisema zaidi ya nilichojua. Nikaongeza kwamba bado naamini chanjo inalinda uhai, na kwamba mwenye ugonjwa wa muda mrefu azungumze na daktari kabla na baada.

Sitawaficha kwamba ukweli ule ulikuwa na gharama. Nje ya kanisa baba mmoja alipaza sauti, "Afadhali Padre mwenyewe amekiri, chanjo ni sumu!" Nilimfuata nikamwambia sikusema hivyo. Hakukubali. Mpaka leo hakubali. Lakini siku ile ile watu watano walinijia mmoja mmoja wakisema, "Padre, na mimi." Mmoja alikuwa na maumivu ya kichwa, mwingine nyonga, mwingine bega. Wote walikuwa wamechanjwa, na wote walikuwa wamenyamaza. Na mama mmoja aliyekuwa hajachanjwa alisema jambo nisilolitarajia: "Sasa nitakwenda, kwa sababu nikiumwa najua nitaweza kukuambia." Watu hawaogopi maumivu kama wanavyoogopa kuachwa nayo.

Nami mwaka uliofuata nilichanjwa tena. Safari hii nilijipanga. Nilimuuliza daktari kwanza. Nilichagua wiki isiyo na safari za vigango. Nilimwambia katekista, "Huenda mgongo utaamka, ukiniona nimekaa wakati wa Misa, usishangae." Uliamka kweli, lakini siku nne tu. Sijui kama ulipungua kwa sababu ya mwili au kwa sababu sikuwa na uongo wa kubeba juu ya mgongo mbovu. Najua kwamba nilimletea katekista furaha kubwa kwa kumwacha anifunge viatu.

Sasa niseme machache ya kutusaidia sote, maana tafakari isiyofika jikoni ni nusu tafakari.

Kwako unayeumia. Kabla ya chanjo yoyote, iwe ya UVIKO-19 au nyingine, mwambie mtoa huduma magonjwa yako ya zamani na dawa unazotumia. Wapo wenye baridi yabisi wanaotumia dawa zinazogusa kinga ya mwili, na daktari anahitaji kujua. Maumivu yakiamka, rudi ukaeleze. Hiyo si aibu wala usaliti: watoa huduma wanatakiwa kupokea taarifa za madhara, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, huzipokea ili kufuatilia usalama wa chanjo na dawa. Usichanganye dawa za maumivu ulizopewa na majirani. Nyingine zinaharibu tumbo na figo. Usilale kitandani wiki nzima. Mgongo unapenda mwendo mdogo mdogo. Gawa kazi za siku vipande, pumzika kabla hujachoka. Lakini ukipata shida ya kupumua, maumivu ya kifua, uvimbe wa uso, mguu kulegea, ganzi sehemu za siri au kushindwa kudhibiti haja, usingoje mtu wa kukushauri. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na usiogope dawa kana kwamba ni upungufu wa imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuambia tumheshimu tabibu, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mkono wa Bwana. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mgonjwa. Anayekuambia utupe dawa zako uombewe tu, mwombe akuonyeshe wapi Bwana alisema hivyo.

Kwa familia. Msimwambie mgonjwa "si tulikuambia", wala "usiwatishe watu". Mwulizeni, "Leo yakoje?" Kisha chukueni ndoo mkateke maji. Mjukuu wa bibi yule sasa ndiye anayemfunga kanga asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Kwa jumuiya ndogo ndogo. Mtu asipoonekana mara mbili, msitunge habari zake. Nendeni. Ombeni apelekewe Komunyo Takatifu nyumbani. Na Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, anayoifundisha Mtume Yakobo katika sura ya tano ya waraka wake, si tikiti ya kufa. Ni kwa ajili ya mwamini aliyezidiwa na ugonjwa au uzee. Mwulizeni paroko wenu, hasa karibu na Siku ya Wagonjwa Duniani, kama parokia itakuwa na adhimisho hilo.

Jumatano ya Majivu tunaanza Kwaresima. Wagonjwa wengi wanahangaika: nitafungaje, na dawa zinataka chakula? Tulieni. Kanisa halimfungi mgonjwa kwa sheria ya kufunga. Mfungo wako uwe kusema ukweli juu ya maumivu yako na kukubali kusaidiwa. Kwa baadhi yetu, huo ni mgumu kuliko kuacha nyama.

Na kwenu, mapadre wenzangu. Mkihubiri juu ya afya, hubirini bila woga, lakini msiahidi siku mbili. Sisi si watengenezaji wa chanjo wala wa miili ya watu. Tumetumwa kama watu wa nyumba ya Simoni: kumweleza Bwana, na kuelezana sisi kwa sisi, kwamba ndani kuna mgonjwa.

Bibi yule alirudi kanisani kabla ya Noeli. Anakaa benchi la tatu, karibu na ukuta, apate pa kuegemea. Wakati wa kutakiana amani hatoi mkono. Anainamisha kichwa na kutabasamu, na waliomzunguka wamekwisha kujua kwa nini. Nami siku mgongo unapokuwa mbaya nahubiri nimekaa. Akiniona hivyo, baada ya Misa huja taratibu sakristia kuniuliza, "Padre, leo ni malaria?" Tunacheka wote wawili, kisha ananiambia jinsi alivyolala, nami namwambia nilivyolala.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Simoni na kumshika mkono mama aliyelala, uwatazame wote wanaougua maumivu yasiyoonekana kwa macho. Utusamehe tulipowanyamazisha. Utupe ulimi wa kusema ukweli, sikio la kuusikia, na mikono ya kuchota maji. Amina.

Nawatakia Dominika njema.